Tumbo la Pipa

Jumatatu, 11 Machi

Tangazo la klabu yetu ya vindege vya plastiki limefika. Ulinganisho wa mwaka huu ni Pipa! Hatimaye! Ndege yetu wenyewe Waswidi, ya kivita, ya jeti, iliyopaa hapa Linköping kabla mimi sijazaliwa. Waliiita Pipa kwa sababu ndivyo ilivyo. Ukiitazama utadhani mabawa yalibandikwa baadaye, kwa aibu.

Utaratibu ni uleule. Jumamosi ya tarehe 23, ukumbi wa maktaba, kila mwanachama analeta Pipa dogo aliloliunda, kwa kipimo cha moja kwa sabini na mbili ya ndege halisi. Zinapangwa ubavu kwa ubavu. Hakimu anachagua moja. Hiyo moja inakaa mwaka mzima ndani ya kabati la kioo pale mlangoni, na kadi yenye jina la aliyeiunda.

Miaka kumi na moja kadi hiyo imeandikwa Sixten Rönnqvist. Kumi na moja! Kuna watu wanadhani ndilo jina la kabati.

Mimi, Holger Blomdahl, mpima ardhi mstaafu, sijaingia humo hata rafu ya chini. Nalitaka kabati lile. Nalitaka kuliko nilivyotaka kupandishwa cheo.

Sixten (fundi miwani mstaafu, anakaa chini yetu, jirani na chumba cha kufulia) ametangaza ataunda seti ya boksi la bluu. Ya Wacheki, mpya, kila mtu anaisifu. Mimi nilishaapa mbele ya klabu nzima, tena kwa maandishi, kwamba hakuna seti ya Pipa iliyowahi kuishinda ile ya boksi jekundu, ya Waingereza, aliyoninunulia baba nilipotimiza miaka kumi na tano. Ninazo saba kabatini, chini ya mashuka. Mke wangu Gunvor anajua habari za nne.

Hakimu ni Mzee Evald Thunander. Miaka themanini na minane, alikuwa fundi wa Mapipa yenyewe kambini Malmen, jeshi la anga. Safi kabisa. Huyo hadanganyiki.

Jumatano, 13 Machi

Nimenunua boksi la bluu kwa siri. Adui lazima umjue.

Gunvor kaniuliza mfuko una nini. Nikasema mbegu za vitunguu.

Mchana wote nimekaa na seti mbili mezani, bluu kushoto, nyekundu kulia. Raha iliyoje! Plastiki ya bluu ni ya kijivu, ngumu, mistari yake myembamba kama unywele wa mtoto. Ile nyekundu ina misumari mikubwa ya kuonekana toka barabarani, na inanuka duka la Bwana Edling, aliponunua baba, mwaka 1968. Nimeinusa mara kadhaa. Gunvor alipita, akasema mbegu zangu zina harufu ya ajabu.

Kisha nikatoa kalipa, koleo langu la kupimia unene. Mabawa: yanalingana. Mkia: bluu mfupi kidogo, au nyekundu mrefu kidogo. Tumbo: hapa nilisimama. La bluu ni nene kuliko la nyekundu kwa unene wa njiti ya kiberiti. Njiti nzima!

Mmoja wao anasema uongo. Nani? Nimejaribu kula chakula cha jioni nikashindwa kufikiria kitu kingine. Viazi vilikuwa na umbo la pipa. Nilimwambia Gunvor hivyo, akasema viazi huwa hivyo tangu zamani.

Jumamosi, 16 Machi

Nimekwenda makumbusho kumwuliza mwenyewe.

Pipa halisi limesimama nyuma ya kamba nyekundu. Nilikuwa na utepe wa kupimia wa Gunvor mfukoni, ule wa kushonea. Mpango: kuvuka kamba, kuzungusha utepe tumboni, kusoma, kurudi. Nusu dakika.

Tumbo la ndege ni kubwa kuliko utepe wa kushonea. Jambo hili sikuliwazia. Ikabidi niweke alama kwa kidole, nisogee, nipime tena, shavu langu limegandamana na bati. Bati ni baridi sana Machi.

Mlinzi akatokea. Mama mmoja wa makamo, kofia ya sufu. Akauliza nafanya nini. Nikasema napima. Akasema wazee wa umri wangu huja pale kila wiki, wengi hulia kidogo na kwenda zao, lakini wa kukumbatia mimi ndiye wa kwanza. Nikamweleza habari ya njiti ya kiberiti. Nilidhani atanitoa. Akafikiri. Akasema hata yeye sasa angependa kujua. Akashika ncha ya pili ya utepe, tukapima pamoja vizuri kabisa, kisha akanitoa.

Nimerudi nyumbani, nimegawanya kwa sabini na mbili.

Bluu ni sahihi. Sahihi kabisa! Nyekundu imekonda.

Nimehesabu mara nne. Mara ya tano nilitumia kalamu nyingine. Ni vilevile.

Miaka hamsini nimeitetea ndege yenye njaa. Karatasi ya hesabu nimeificha ndani ya mkebe wa unga.

Jumatatu, 18 Machi

Gunvor ameoka maandazi ya mdalasini. Ameniuliza kwa nini unga una hesabu.

Lakini sijakata tamaa. Nimetafakari, na jibu ni hili: tumbo nani analitazama? Watu hutazama rangi. Ndege hii ilikuwa ya bati tupu, yaani rangi ya fedha, na fedha si moja. Nimepata fedha za aina tatu: ya kung'aa, ya kufifia, na moja ya katikati ambayo kwenye chupa inaitwa bati chovu. Nitapaka kila kipande cha bati kivyake. Jicho la Mzee Evald litazubaa. Halitafika tumboni.

Nyekundu imeshaungwa. Tatizo dogo: inakalia mkia, kama mbwa anayeomba soseji. Nimejaza puani chubwi tano za kuvulia samaki. Sasa imesimama.

Nimekutana na Sixten ngazini. Mpole, mpole wa kuudhi. Akasema amesikia kuna mzee fulani alikumbatia ndege makumbusho Jumamosi, je, namjua? Nikasema watu wa siku hizi! Akasema kweli kabisa, Blomdahl, watu wa siku hizi. Akaongeza kwamba nina kitu shavuni. Ilikuwa bati chovu.

Jumatano, 20 Machi

Balaa.

Fedha zote tatu zimekauka. Kazi ya siku mbili, vipande hamsini na nane. Ukiona vyaelea, vimeundwa! Nilimwita Gunvor aje aone. Ametoka tu nyumba ya wazee. Kila Jumatano huenda kuwasomea gazeti.

Akaitazama. Akasema inapendeza sana. Kisha akasema, masikini, Evald hataiona.

Nikauliza kwa nini.

"Kwa sababu haoni, Holger. Huu mwaka wa tatu. Unadhani namsomea gazeti kwa kuwa sauti yangu tamu?"

Nikamwuliza kwa nini hakuniambia. Akasema sikuuliza. Nikamwuliza sasa kipofu atahukumuje. Akasema kwa mikono, na kwamba Evald ana hamu kubwa, hana usingizi, amekata kucha. Mapipa yale aliyajua kwa mikono siku zote, kwa sababu gizani na kwenye theluji fundi haoni kitu hata akiwa na macho yake.

Nimekaa chini. Mikono! Jambo moja tu ambalo mikono italitambua mara moja ni tumbo.

Dakika kumi baadaye nilisimama. Tumbo likikonda, hulishwa! Nimepaka puti ya kuzibia nyufa. Tabaka nne, pande zote, hadi kalipa iliposema sasa ni nene kama la bluu. Fedha zote tatu zimezikwa humo chini. Sijali.

Nyuma ya bomba la puti imeandikwa: tabaka nene, subiri siku nne. Leo Jumatano. Ulinganisho Jumamosi.

Alhamisi, 21 Machi

Naandika haya kwa haraka na kwa aibu kidogo.

Puti inataka joto. Jengoni kwetu joto la maana liko mahali pamoja: kabati la kukaushia nguo, chumba cha kufulia. Ukizungusha kitasa cha joto hadi mwisho, penye picha ya jinzi, suruali ya kazi inakauka kwa dakika arobaini. Puti ni nini mbele ya jinzi?

Shida ni ubao wa zamu. Kila nyumba ina kufuli yake ndogo. Siku na saa unapoitia ubaoni ndiyo zamu yako ya kufua. Zamu ya mchana wa leo ilikuwa na kufuli ya Sixten. Nimeishi jengo hili miaka ishirini na sita. Nimewahi kumchagua hadi mwanasiasa niliyemjua ni mjinga. Lakini kufuli ya mtu ubaoni sijawahi kuigusa. Hakuna aliyewahi. Hata marehemu Bi Malmros, jirani aliyeiba baiskeli, kufuli hakugusa.

Ilikuwa imelegea kwa uzee. Niliivuta tu ikaja. Nikaihamishia kesho saa moja asubuhi.

Nikaining'iniza ndege kwa uzi katikati ya kabati. Kitasa hadi mwisho. Nikapanda juu kula, nirudi baada ya dakika ishirini.

Alhamisi ni supu ya njegere na chapati za maji. Gunvor alikuwa ametoa jamu ya mwisho ya stroberi, ile ya dada yake. Nilikula chapati tano. Nikamweleza Gunvor habari za tumbo kwa ujumla, bila kutaja mahali. Kisha nikakumbuka.

Saa moja na nusu imepita!

Nimeshuka ngazi kwa soksi.

Ijumaa, 22 Machi

Jana sikuweza kumalizia. Namalizia leo.

Pua imeinama. Chubwi tano zimeivuta chini, kama mtu anayetafuta ufunguo alioangusha. Tumbo upande wa kushoto limebonyea na kuwa bapa, upande wa kulia limevimba. Na puti imekauka. Imekauka vizuri sana! Ngumu kama jiwe. Hairekebishiki. Msasa umeshindwa, nao mkono wangu umeshindwa.

Nimefungua boksi jekundu la pili, nikalifunga. Kwa siku moja haiwezekani.

Na si hilo tu. Gunvor amerudi kutoka ngazini uso umesawijika. Amekutana na Sixten. Sixten amemwuliza kwa sauti ya chini kama kusahau zamu yako ya kufua ni dalili. Gunvor akauliza dalili ya nini. Akasema, dalili, dalili ya kichwa. Mama yake ilimwanza hivyohivyo. Anakumbuka wazi alitia kufuli Alhamisi mchana, na alipokwenda kufua akaikuta kwenye Ijumaa asubuhi. Hakulala. Amempigia daktari.

Gunvor akasema masikini Sixten.

Nikasema masikini.

Nilitaka kusema. Mdomo ulifunguka kabisa. Gunvor akauliza kama nataka kahawa, nikasema ndiyo, na nafasi ikapita.

Najisikia vibaya. Naandika hivyo ili ijulikane.

Jumamosi, 23 Machi

Nimekwenda na ndege iliyopinda, ndani ya sanduku la viatu, kwa sababu mezani palikuwa na kadi yenye jina langu, na meza tupu ingekuwa mbaya zaidi.

Tulikuwa tisa. Viatu vimepangwa mlangoni, kahawa, maandazi ya Gunvor (bila hesabu). Pipa la Sixten lilikuwa zuri mno. Nalisema kwa uchungu. Pua duara, tumbo duara, kila kitu mahali pake. Yeye mwenyewe alikuwa na macho mekundu, na kila mara akitazama kikaratasi mkononi. Alikuwa ameandika majina yetu.

Nilipofungua sanduku la viatu, wote wakasogea kutazama. Mtu mmoja akakohoa kama anayecheka. Sixten akasema polepole, bila kejeli, "Blomdahl, bwana, imekuwaje?"

Mzee Evald aliletwa na Gunvor. Mikono mikubwa, kucha zimekatwa. Akaketi, akaomba apewe moja moja.

Zile za wengine alizipitia, akashukuru. Ya Sixten akaishika muda mrefu. Akasema ni sahihi. Hajawahi kushika sahihi zaidi. "Imetoka kiwandani hii. Bado haijamwogopesha mtu." Watu wakacheka, Sixten akatabasamu kwa mara ya kwanza.

Kisha yangu. Nilitamani kutoka nje.

Vidole vikaenda puani, vikasimama. Vikarudi. Vikaenda tumboni kushoto, pale palipobonyea, vikapapasa mara tatu. Mzee akaacha kutabasamu. Nikajua nimekwisha.

"Nani kamwambia huyu?"

Mzee akageuza uso huku na huku.

"Nauliza nani kamwambia. Hii naijua. Hii nimeiosha mimi."

Akasimulia. Februari, mwaka wa 1955, theluji hadi magotini. Rubani mmoja kijana kutoka Skåne, kusini, alitua na gurudumu la mbele limekataa kutoka. Ndege ikalala kwa pua na tumbo la kushoto, ikateleza uwanja mzima, ikasimama mbele ya mlango wa karakana kana kwamba imekuja kutengenezwa yenyewe. Kijana akatoka mzima. Akaomba kahawa. Evald akambebea kahawa, akasimama ameweka kiganja pale tumboni palipobonyea, palikuwa na joto bado, naye akashindwa kukiondoa kwa sababu alikuwa anatetemeka na hakutaka kijana aone. Aliitengeneza majuma tisa. Ilipaa tena. Lakini kwa miaka yote aliyokaa kambini, kila akishika ndege yoyote nyingine, mkono wake ulikuwa unatafuta pale.

"Na leo nimepapata," akasema.

Gunvor alikuwa analia waziwazi. Mtu akaniuliza nilijuaje. Ukumbi mzima unanitazama. Nikafungua mdomo kusema kweli.

Nikasema: "Utafiti."

Mzee akasema hii ndiyo. Zile nyingine ni ndege. Hii ndiyo ile. Kabati la kioo! Niliona kadi yangu. Niliona hata ukubwa wa herufi.

Halafu akauliza kama anaweza kwenda nayo. Kabatini nani ataishika? Ataiweka mezani kwake kando ya redio, mkono unapofika.

Nilitazama mlangoni, kwenye kabati. Naandika hapa kwa uaminifu kwamba nililitazama muda mrefu kuliko inavyompasa mtu mwema. Miaka kumi na moja! Kisha nikaona bado hajautoa mkono pale ubavuni, nikasema ichukue, Mzee. Ni yako.

Kwa hiyo kabati limebaki na Sixten. Kumi na mbili.

Alikuja kunipa mkono. Macho yake yamelowa. Akasema hajawahi kuona mtu akifanya jambo kama lile, na kama atakuja kusahau mengi, hili asilisahau. Hapo sikuweza tena. Nikamwambia habari ya kufuli. Yote. Jinzi, njegere, chapati tano.

Akanitazama. Akauliza kama namaanisha hakusahau kitu. Nikasema hakusahau kitu. Akanikumbatia! Sixten Rönnqvist! Kisha akaniachia, akafikiri, uso ukabadilika rangi, akasema, "Wewe umegusa kufuli yangu?"

Tulitoka kwa milango tofauti.

Jumatatu, 25 Machi

Siku ya waffle, zile keki za vishimo. Nchi nzima inanuka siagi. Nimekula nne, kwa jamu ya matunda meusi, kwa kuwa ile nzuri nimeshaimaliza.

Mlangoni pa chumba cha kufulia pamebandikwa karatasi: Kwa upole kabisa nawakumbusha majirani wapendwa, hasa wa ghorofa ya pili, kwamba kufuli ni ya mwenye kufuli. Mistari miwili chini ya "upole".

Gunvor amemtembelea Mzee Evald. Ndege iko kando ya redio. Kila anayeingia hulazimishwa kuishika. Gunvor, ambaye hajui kutunza siri, alimweleza habari ya kabati la kukaushia. Nikashtuka. Nikauliza alisemaje. Alicheka hadi muuguzi akaja mbio. Akasema basi fundi wa kweli ni kabati, apelekewe salamu. Na ndege harudishi.

Gunvor akasema natumaini umejifunza kitu, Holger.

Nimejifunza! Nimewaza tangu jana na sasa ni wazi kama mchana. Kosa langu miaka yote lilikuwa kutafuta usahihi. Usahihi anao Sixten, anunue tu boksi la bluu. Lakini mkono wa mtu hutafuta mahali palipoumia. Na mahali hapo hapapatikani kwa kalipa. Panapatikana kwa joto la jinzi, kwa saa moja na nusu.

Ila kuna maswali. Je, chubwi sita zingefanya nini? Na tatu? Ikining'inizwa kwa mkia je? Bila puti? Hakuna mtu duniani aliyelinganisha mambo haya!

Maboksi mekundu yamebaki sita. Gunvor sasa anajua habari za yote sita, maana yako mezani.

Mchana huu ni zamu ya Sixten, lakini yuko maktaba anapanga kabati lake. Nimesogeza kufuli. Safari hii nimeacha kikaratasi kwa upole kabisa: Si kumbukumbu yako, ni mimi. Mtu hujifunza.

Zote sita zimening'inia. Kitasa hadi mwisho. Nina saa, kalamu na jedwali la safu saba, kwa sababu mara ya kwanza ilipoharibika ilikuwa bahati, na sasa nataka ziharibike kwa vipimo.